Kutu Chini ya Rangi: Namna ya Kuchunguza Land Rover Kuukuu Kabla ya Kuinunua

Wahenga walinena ya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Neno hili lafaa likumbukwe na kila mtu anayekusudia kununua gari kuukuu, kwa maana kutu ya gari haiji kwa kelele. Hula ndani kwa ndani, mahali pasipoonekana, na mwenye gari hupata habari siku chuma kinapovunjika.

Mwaka 2014 baba yangu mdogo, mkulima wa kahawa upande wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu, alipata malipo mema kutoka chama chake cha ushirika. Akaongeza fedha za mitamba wawili aliowauza, akanunua Land Rover ndefu ya kuchukulia mazao. Gari lilikuwa limepakwa rangi ya kijani iliyong'aa, na mvunguni lilikuwa jeusi na safi kama lililotoka kiwandani jana. Majirani walikuja kulitazama, wazee wakaliombea baraka, nasi sote tukafurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyelala chini akatazama mvunguni kwa makini.

Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule, wakati wa mavuno makubwa na mvua za vuli, gari lilikuwa likiteremkia kijito kwenda kiwanda cha kahawa, nalo limejaa magunia. Juu ya magunia walikaa vijana wawili. Ukasikika mlio kama wa bunduki, gari likaketi upande mmoja, kisha likalala mtaroni. Kijana mmoja aliumia kidogo. Wa pili alivunjika mfupa wa paja, na hata leo huchechemea. Fundi alipoitwa alituonyesha mahali springi ya nyuma inaposhikana na chesisi. Chuma kilikuwa kimeoza hata mtu aliweza kukimega kwa vidole. Juu ya uozo ule palikuwa pamebandikwa kipande cha bati, pakapakwa puti, kisha rangi nyeusi ya lami. Aliyeliuza gari alipigiwa simu mara nyingi wala hakupokea. Baba mdogo alitumia fedha za misimu miwili ya kahawa kulipa gharama za hospitali, na gari akaliuza kwa kilo kama chuma chakavu.

Siandiki habari hizi ili kuwatia watu hofu wasinunue magari. Katika milima yetu ya Embu na Meru, ambako njia nyingi za vijijini zikinyeshewa huwa utelezi mtupu, gari lenye nguvu za magurudumu manne ni msaada mkubwa. Nakusudia tu kwamba anayenunua anunue akijua anachokinunua.

Mwaka 2023 wafugaji kumi na mmoja wa kijijini kwetu walichanga fedha ili wanunue gari la kupelekea maziwa na kuletea chakula cha ng'ombe. Waliniomba mimi, kwa kuwa ni karani, niwashughulikie hati. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba tuandamane na fundi ambaye hana urafiki na muuzaji. Tukampata mzee mmoja wa mjini Embu ambaye amefungua na kufunga Land Rover tangu ujana wake. Mengi ninayoyaandika hapa nilijifunza kwake siku zile.

MACHO HUDANGANYWAJE

Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule, baada ya Vita Kuu vya Pili, chuma kilikuwa haba Uingereza, na serikali ilikigawa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo mabati mengi ya bodi yalifanywa kwa alumini. Alumini haifanyi kutu nyekundu kama chuma, na ndiyo maana gari lenye umri wa miaka arobaini laweza kuonekana zima kabisa kwa nje.

Lakini chini ya alumini ile iko chesisi, yaani fremu inayobeba injini, bodi na mizigo yote, nayo ni ya chuma. Chesisi hiyo imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia kwa matundu yake. Matope yakiziba matundu ya kutolea maji, unyevu hukaa ndani, na chuma huliwa kutoka ndani kuelekea nje. Siku uonapo tundu kwa nje, fahamu kwamba kutu ilianza kazi yake miaka mingi nyuma.

Gari hili si geni kwetu. Watu waliosoma habari za simba jike Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson, watakumbuka picha zake akiwa amelala juu ya paa la Land Rover. Elsa alikufa mwaka 1961, na kaburi lake limo katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Maafisa wa kilimo, wamisionari na waganga wa mifugo nao walipanda milima yetu kwa magari hayo. Hata hivyo, Defender ya mtindo wa zamani ilikoma kutengenezwa Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Tena sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Basi Land Rover nyingi kuukuu zinazouzwa kwetu ni zile zilizokwisha kupita mikononi mwa wenyewe wengi, na kila mwenyewe aliongeza rangi yake.

ULIZA GARI LIMEISHI WAPI

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha sana. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe la bei, bali liwe hili: gari limeishi wapi, nalo lilichukua nini?

Gari lililokaa Mombasa, Kilifi au Lamu limepigwa na upepo wa bahari wenye chumvi. Gari lililotumika Uingereza, au sehemu za Japani zenye theluji, limepita katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari lililotoka Isiolo au Marsabit huwa na kutu kidogo kwa sababu ya ukavu, ingawa huenda chesisi yake ina nyufa kwa kupigwa na mawe. Na kama lilizoea kupita katika jangwa la Chalbi, ardhi yenyewe kule ina chumvi. Magari ya huku kwetu juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, huteswa na ukungu na udongo mwekundu unaoshika maji kama sifongo.

Mizigo nayo ina habari zake. Mbolea ya chumvichumvi ikimwagika na kupata unyevu hula chuma vibaya. Chumvi ya mifugo, na mkojo wa ng'ombe waliopakiwa nyuma, huleta hasara ile ile. Ukiona chembe nyeupe za mbolea katika pembe za sanduku la nyuma, ongeza uangalifu wako maradufu.

VIFAA VYA KUCHUKUA

Fundi wetu alibeba mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi, sumaku, brashi ya waya na gunia la kulalia. Vitu hivi mtu aweza kuvipata katika soko lolote.

Nenda mchana, mahali pakavu, na gari lenyewe liwe kavu. Maji huficha mikwaruzo na kuifanya rangi iliyochakaa ing'ae. Usikubali kuonyeshwa gari jioni, wala ndani ya banda la giza. Tena, usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Lisimamishe juu ya stendi imara au magogo mazito yaliyo sawasawa, na magurudumu yatiwe mawe yasibingirike. Land Rover ina nafasi ya kutosha mvunguni hata bila kuinuliwa, basi anza hivyo.

CHINI YA GARI

Tulifika mjini Meru asubuhi kutazama gari la kwanza. Rangi yake ilikuwa nyeupe na mpya. Mwenye gari alikuwa mtu wa maneno matamu. Mzee wetu alimsalimu, akatandika gunia lake, akaingia mvunguni bila kutazama rangi wala viti.

Alianza na boriti ya nyuma, ile inayopita kutoka upande mmoja hadi wa pili chini ya mlango wa nyuma. Hapo ndipo Land Rover nyingi huoza mapema, kwa kuwa magurudumu hurusha matope yote huko. Aliigonga kwa nyundo, polepole, kila upana wa kiganja. Chuma kizima hulia kwa sauti nyembamba na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, iliyokufa, na nyundo haina mruko. Kisha akaendelea mbele kwa utaratibu: vishikizo vya springi za nyuma, mahali penye tangi la mafuta, mikono ya pembeni inayotoka katika chesisi kushika bodi, hata vishikizo vya springi za mbele. Hakugonga chini na pembeni tu. Alipenyeza mkono juu ya chesisi, kati yake na sakafu ya gari, mahali matope yanapolala na macho hayafiki.

Karibu na springi ya nyuma upande wa kushoto sauti ilibadilika. Akaniita.

"Karani, njoo ulale hapa usikie mwenyewe."

Nililala, nikasikia. Ilikuwa kama kugonga debe lililojaa unga.

"Hiyo ni rangi ya kinga tu, Mzee," mwenye gari akasema. "Niliipaka ili kutu isiingie."

"Mwanangu," fundi akamjibu, "rangi ya kinga hupakwa juu ya chuma. Mimi natafuta chuma."

Akaomba ruhusa ya kukwaruza kwa bisibisi. Mwenye gari akakataa. Mzee akatoka mvunguni, akajipangusa, akamshukuru, nasi tukaenda zetu. Njiani alinieleza ya kwamba mtu anayekataa chuma chake kikwaruzwe kidogo mahali pasipoonekana amekwisha kukujibu swali lako. Mimi nilikuwa nikifikiri juu ya gari lile la kijani la mwaka 2014, kwa sababu mahali penyewe palikuwa ni pale pale.

Hapa yafaa kueleza juu ya viraka. Kiraka si dhambi. Fundi mwema hukata chuma kilichooza mpaka afike kwenye chuma kizima, ndipo achomelee kipande kipya chenye unene uleule. Fundi mbaya hufunika uozo kwa bati jembamba. Kutu huendelea chini yake, na pengine hushika kasi, maana unyevu sasa umefungiwa ndani. Tazama kingo za kiraka. Zikiwa zimeunganishwa pande zote kwa mshono wa chuma ulio sawa, ni dalili njema. Zikiwa zimeshikwa kwa nukta chache na puti, achana na gari hilo.

UKUTA WA MBELE NA MILANGO

Baada ya chesisi, jambo la pili kwa ukubwa ni ukuta unaotenga injini na dereva. Katika Land Rover za zamani ukuta huu ni wa chuma, nao hubeba bawaba za milango, kioo cha mbele na usukani. Inua matandiko ya sakafuni, ubonyeze kwa kidole gumba mahali miguu ya dereva inapokaa. Tazama pembe za juu, chini ya kioo cha mbele, na nguzo za bawaba. Fungua mlango, uuinue kidogo kwa mkono. Ukicheza, yawezekana bawaba zimechakaa, lakini yawezekana pia nguzo yenyewe imeoza.

Katika milango utaona pengine unga mweupe au rangi iliyovimba kama malengelenge. Hiyo si kutu ya chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka kuwa unga huo mweupe. Ubaya huu hauangushi gari, ila hupunguza bei.

Sumaku itumike kwa akili. Juu ya mabati ya alumini haitashika, na hilo si kosa. Lakini juu ya ukuta wa mbele, nguzo na chesisi, haina budi kushika kwa nguvu. Isiposhika hapo, chini ya rangi kuna puti nene.

Anayenunua Toyota Land Cruiser au pikapu, ambazo bodi zake kwa kawaida ni za bati la chuma, aipitishe sumaku kila mahali: chini ya milango, juu ya magurudumu, katika mifereji ya paa na sanduku la nyuma. Hata hivyo asisahau chesisi. Hata viwanda vyenye sifa hupatwa na mambo haya. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali huko Marekani mapatano ya dola zipatazo bilioni 3.4 kwa ajili ya chesisi za aina fulani za magari yake, zikiwamo pikapu za Tacoma, zilizodaiwa kushika kutu kupita kiasi. Jina kubwa halizuii maji.

PAIPU ZA BREKI

Kutoka Embu kwenda Meru barabara huteremka mabonde na kuyapanda tena. Kila msafiri alijua daraja la Nithi, baada ya Chuka, mahali panapojulikana Kenya nzima kwa ajali mbaya. Mteremko wa namna hiyo haumpi nafasi dereva ambaye breki zake zimekatika.

Paipu za breki katika magari mengi ni za chuma, nyembamba kuliko kidole, nazo hupita kando ya chesisi, katika matope yale yale. Zipanguse kwa kitambaa, uzifuate kwa tochi kutoka mbele hadi nyuma. Kutu ya juujuu hufutika. Kutu iliyofanya vishimo, au paipu iliyo na unyevu wa mafuta, ni lazima ibadilishwe kabla gari halijatoka hapo. Kisha kaa kwenye kiti, washa injini, ukanyage breki kwa nguvu ukihesabu hadi sitini. Pedali ikizama polepole kuelekea sakafuni, kuna kasoro katika breki. Usilijaribu gari hilo barabarani. Tazama pia mahali boksi la usukani linapofungwa, kwa maana bolti ngumu haifai kitu ikiwa imeshika chuma kilichooza.

NAMBA NA HATI

Chesisi ina namba yake, nayo imeandikwa katika kitabu cha gari. Katika Land Rover nyingi za zamani namba hiyo imegongwa kwenye chuma chenyewe upande wa mbele wa kulia, karibu na kishikizo cha springi. Isafishe kwa brashi uisome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Kutu ikiwa imeifuta, au chesisi ikiwa imebadilishwa bila kuandikishwa, taabu itakuwa yako mbele ya polisi. Kabla ya kutoa fedha, ulizia kumbukumbu za gari katika Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ujue mwenyewe ni nani, na kama gari halikuwekwa rehani ya mkopo.

KUNUNUA AU KUACHA

Gari la pili tulilikuta upande wa Timau, kwa mkulima wa ngano. Rangi yake ilikuwa imepauka, ubavu mmoja umebonyea, na viti vimeraruka. Wenzangu walitazamana kwa huzuni. Lakini nyundo ya mzee ilipogonga chesisi, chuma kililia kutoka nyuma hata mbele. Mwenyewe alituambia kabla hatujauliza kwamba mkono mmoja wa pembeni umeoza na paipu moja ya breki ina kutu. Tulipotazama tukakuta ndivyo ilivyo.

Fundi aliandika gharama za kutengeneza kasoro zile mbili. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi 480,000. Tulimwonyesha mwenye gari hesabu yetu, tukakubaliana shilingi 430,000, na mambo yote tukayaandika na kutia sahihi mbele ya mashahidi. Hii ndiyo faida nyingine ya kuchunguza. Kutu inayojulikana yaweza kupimwa na kutolewa katika bei. Kutu iliyofichwa haina hesabu.

Kanuni ya mzee wetu ni fupi. Kutu ya juujuu, isugue na kuipaka rangi. Mkono wa pembeni au sehemu ya sakafu, punguza bei uitengeneze. Chesisi iliyooza kwenye vishikizo vya springi au mahali pengi pamoja, mwachie mwenyewe gari lake, hata akikupunguzia nusu ya bei. Cha rahisi ni ghali.

Na ukishanunua, kazi haijaisha. Baada ya safari za matope, osha mvunguni kwa maji mengi, uzibue matundu ya chesisi kwa waya ili maji yatoke. Fagia mbolea na chumvi siku ile ile. Panapokwaruzika, safisha, kausha, kisha paka rangi ya kuzuia kutu.

Gari lile la Timau lingali likifanya kazi. Kijana yule aliyevunjika paja mwaka 2014, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ng'ombe wake watatu, ni mmoja wa wafugaji wale kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa msimamizi wa gari. Kila Jumamosi hulilalia gunia, akagonga chesisi kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Tena ameweka sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga, ya kwamba mtu yeyote asikae juu ya mzigo.